Mikanda ya Noah Yetu, Gereji ya Pasua na Spana ya Jackie Stewart

Gereji ninayotaka kuieleza hapa haina kibao wala jina lililoandikwa popote. Ipo Pasua, hapa Moshi, ndani ya ua wenye mwembe mkubwa, na wanaofika hapo kwa mara ya kwanza huelekezwa na vijana wa bodaboda kwa maneno machache tu: "kwa mzee wa mikanda." Kazi yake kubwa ni kukagua, kufunga na kubadilisha mikanda ya usalama, kazi ambayo gereji nyingine huikumbuka mwisho kabisa, baada ya injini, breki, springi na rangi. Nilipeleka Noah yetu mwezi uliopita ikiwa haina hata mkanda mmoja wa nyuma unaofungika, nikaichukua baada ya siku mbili ikiwa na mitano inayofanya kazi sawasawa. Nililipa shilingi 60,000 kwa kila mkanda uliobadilishwa, nayo ni miwili, na shilingi 15,000 kwa kila mmoja kati ya mitatu iliyosafishwa na kurekebishwa. Naipendekeza gereji hii bila kusita, na sababu zangu nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa nyingi zinahusiana na picha moja iliyobandikwa ukutani mwake.

Kilichonipeleka pale ni tukio la barabara ya Arusha. Tulikuwa tunarudi Moshi jioni, tumeshaipita Boma Ng'ombe, na tulipokaribia Kwa Sadala daladala iliyokuwa mbele yetu ilisimama ghafla kupakia abiria. Mume wangu alikanyaga breki kwa nguvu, gari likasimama salama, lakini mwanetu wa miaka tisa aliyekuwa nyuma aliruka kutoka kitini na kugonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Hakuvunjika wala kuchanika, alivimba tu. Usiku ule nilipochunguza viti niligundua kwamba fundi mmoja tuliyemlipa mwaka jana atushonee kava mpya alizivuta juu ya vifungio vyote vya mikanda, akavizika chini ya ngozi ya bandia, na baadhi ya tepe alizikunja na kuzifunga kwa kamba chini ya kiti ili kava zikae vizuri. Kwa mwaka mzima tulikuwa tumebeba watoto, na mara nyingine mama yangu mzazi, ndani ya gari ambalo mikanda yake ilikuwa imefichwa kwa ajili ya urembo. Sikujua, kwa sababu sikuwahi kuangalia, na askari wa usalama barabarani wanaotusimamisha njiani huangalia zaidi mikanda ya mbele.

Nilipoingia gerejini nilimwamkia mzee, akaitikia, na kabla hajaligusa gari niliiona picha. Ni ya rangi, imekatwa kutoka gazeti la zamani na kuwekwa ndani ya mfuko wa nailoni ili isipate grisi: mwanamume mwembamba mwenye nywele ndefu na kofia nyeusi, ameshika kwapani kofia ngumu nyeupe iliyozungushiwa utepe wa kitambaa chenye mirabamiraba myekundu. Asiyekijua kitambaa hicho cha Kiskoti afikirie shuka jekundu la Kimasai. Mwanangu, tulipokwenda kulichukua gari, aliamini kabisa kwamba dereva yule alikuwa amejifunga kipande cha shuka. Mzee aliniuliza kama namjua. Nilimjibu kwamba ni Jackie Stewart, dereva wa mbio za magari, na kwamba marehemu baba yangu, aliyekuwa dereva wa lori la kahawa, alipenda kutusimulia habari zake alizozisikia redioni. Mzee aliweka chini tambara la kufutia mikono. "Mwanangu," alisema, "huyo ndiye aliyenifundisha kazi hii, ingawa hatujaonana."

Stewart alizaliwa tarehe 11 Juni 1939 huko Milton, kijiji cha karibu na Dumbarton nchini Scotland, ambako baba yake alikuwa na gereji. Shuleni aliteseka sana. Herufi zilimchanganya, akaitwa mjinga mbele ya wenzake, akaacha masomo mapema na kuingia gerejini kuuza mafuta na kujifunza ufundi. Ni alipofikisha umri wa miaka 41, akiwa tayari bingwa wa dunia mara tatu na amestaafu, ndipo alipopimwa na kuambiwa kwamba ana tatizo la kusoma ambalo alizaliwa nalo, wala halihusiani na akili yake. Heshima yake ya kwanza aliipata katika kulenga shabaha kwa bunduki, akakosa kwa tofauti ndogo sana nafasi ya kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960. Mbio za magari alizianza kwa gari la mteja wa gereji. Mwaka 1964 Ken Tyrrell, mwenye timu ya mbio za magari, alimwita kwenye majaribio katika uwanja wa Goodwood, na kijana huyo akaendesha kwa kasi kuliko Bruce McLaren, ambaye wakati huo alikuwa tayari dereva mwenye jina, kwa gari lile lile. Mbio zake za kwanza za langalanga zenye kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia zilifanyika katika bara letu, mjini East London, Afrika Kusini, tarehe 1 Januari 1965, akamaliza wa sita na kupata pointi yake ya kwanza. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa ameshinda Monza, nchini Italia.

Hayo baba yangu aliyasimulia. Habari ya Spa, ambayo ndiyo inayoeleza gereji ya Pasua ilivyo, sikuwahi kuisikia kwake; niliisoma nikiwa mtu mzima, na mzee anaijua kwa undani kuliko mimi.

Ilikuwa tarehe 12 Juni 1966, siku moja baada ya Stewart kutimiza miaka 27. Uwanja wa Spa nchini Ubelgiji wakati huo ulikuwa mzunguko wa takriban kilomita 14 kwenye barabara za kawaida, unaopita kati ya mashamba, nyumba, miti na nguzo za simu, bila uzio wa kumzuia dereva asivigonge. Mbio zilianza kukiwa kukavu, lakini upande wa pili wa mzunguko mvua kubwa ilikuwa ikinyesha, na madereva waliingia ndani yake kwenye mzunguko wa kwanza kabisa wakiwa katika mwendo wa kasi ya juu. Gari la Stewart, BRM, liliteleza likiwa na kasi inayozidi kilomita 250 kwa saa, likagonga nguzo, likagonga kibanda, likaishia kwenye jengo la shambani. Usukani ulijipinda ukambana mguu. Matangi ya mafuta, ambayo katika magari ya wakati ule yalikuwa ubavuni mwa dereva, yalipasuka, naye akabaki ameketi ndani ya petroli iliyomlowesha mwili mzima, huku cheche moja tu ikitosha kumaliza kila kitu. Mkanda hakuwa nao.

Walinzi wa uwanja hawakuwa na vifaa vya kumtoa. Waliomtoa ni madereva wenzake wawili, Graham Hill na Bob Bondurant, ambao wao wenyewe walikuwa wameteleza na kutoka barabarani karibu na hapo. Ili kumnasua, usukani ulipaswa kufunguliwa, na ili kuufungua ilihitajika spana, na spana hiyo ilibidi iombwe kwa mtazamaji aliyekuwa na vifaa vyake vya gari. Dakika zipatazo 25 zilipita. Alipofikishwa kwenye chumba cha huduma ya kwanza alilazwa kwenye machela iliyowekwa juu ya sakafu yenye vipisi vya sigara, kisha gari la wagonjwa lililompeleka hospitali ya Liège likaachana na polisi waliokuwa wakiliongoza na kupotea njia. Alikuwa amevunjika mfupa wa bega na kuumia ubavu, na petroli ilikuwa imemuunguza ngozi.

Aliporudi kwenye mbio alikuja na spana yake mwenyewe, akaifunga kwa utepe wa gundi kwenye usukani wa gari lake. Baadaye aliajiri daktari wa kufuatana naye viwanjani. Timu yake ya BRM, kupitia kiongozi wake Louis Stanley, ilisaidia kuanzisha hospitali inayotembea iliyofuata mbio hizo barani Ulaya. Stewart akaanza kudai mikanda, uzio wa chuma kandokando ya njia, kofia zinazofunika uso wote, wazima moto na waganga waliofunzwa, na mahali pa gari kupunguza mwendo kabla ya kugonga kitu. Ni madai ambayo leo mtu yeyote angeyaona ya kawaida. Wakati ule yalimletea chuki. Wenye viwanja walimwona mtu wa kuwaongezea gharama, baadhi ya waandishi walimwita mwoga anayeharibu utamu wa mchezo, na alitumiwa hata vitisho vya kuuawa. Mwaka 1969 mbio za Ubelgiji hazikufanyika Spa kwa sababu ya msimamo wa madereva, na mwaka uliofuata mbio za Ujerumani zilihamishwa kutoka Nürburgring kwenda Hockenheim.

Mzee hakunisimulia hayo kwa kupitisha muda. Alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa Noah na kuanza kukata nyuzi za kava kwa wembe, moja baada ya nyingine, bila kuichana ngozi, mpaka kifungio cha kwanza kikachomoza. Kilikuwa kimejaa makombo ya biskuti na mchanga. Alikiosha kwa maji ya uvuguvugu, akakipuliza kwa hewa ya kompresa, akakichomeka na kukifungua zaidi ya mara ishirini huku sikio lake likiwa karibu, akisikiliza mlio. Mmoja wa vijana wake, aliyeniamkia kwa adabu na kuniletea kiti, alinionyesha jinsi ya kupima kile kisanduku kinachouvuta mkanda na kuurudisha ndani. Kikiwa kimesimama wima, mkanda hutoka taratibu ukiuvuta. Ukikiinamisha upande, hujifunga na mkanda haupiti tena, kwa kuwa ndani yake mna kitu kidogo kinachohama mahali pake pindi gari linapoinama au kusimama ghafla. Ndiyo maana mzee anakataa kabisa kukifunga kisanduku kikiwa kimelala, jambo ambalo nimeambiwa hufanywa na wanaolazimisha mkanda wa gari moja ukae kwenye gari jingine. Visanduku viwili vya Noah yetu havikujifunga hata vilipoinamishwa kabisa. Hivyo ndivyo vilivyobadilishwa.

Kwenye spea za mtumba ndiko nilikojifunza zaidi. Mzee alikuwa na boksi zima la mikanda ya magari yaliyokatwa, akaichagua mbele yangu. Aliupitisha kila utepe kati ya vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali palipong'aa, palipokuwa pagumu au palipochanika pembeni, kisha akaangalia ile pete ya plastiki ambayo utepe hupita juu ya bega. Gari likigonga kwa nguvu, utepe huichubua plastiki hiyo na kuacha alama kama ya kuyeyuka. Mkanda wenye alama hiyo umeshafanya kazi yake mara moja, nyuzi zake zimevutika, na hauwezi kuaminiwa tena hata kama ni msafi na unafungika. Kati ya mikanda tisa aliikataa minne, akaitenga ili ikatwe vipande isije ikauzwa na mtu mwingine. Mikanda ya mbele, ambayo katika magari mengi ya kisasa ina baruti ndogo ya kuukaza mkanda wakati wa ajali, hauzi ya mtumba hata kidogo. Nilithamini sana kukataa huko, maana angeweza kuuza na mimi nisingejua.

Kisha akanikalisha kitini na kunifunga mkanda mwenyewe. Nilikuwa nimeuweka tumboni kama ninavyoona watu wengi wanavyofanya. Aliushusha hadi kwenye nyonga, akaukaza, akaniambia habari ya Jochen Rindt. Rindt, Mwaustria, alikuwa rafiki wa karibu na jirani wa Stewart huko Uswisi. Tarehe 5 Septemba 1970, katika mazoezi ya Monza, gari lake liligonga uzio. Alikuwa amefunga mikanda ya mabega na ya kiunoni, lakini hakufunga ile inayopita kati ya miguu, kwa hiyo mwili wake uliteleza kuelekea mbele chini ya mikanda, na mikanda hiyo hiyo ikamjeruhi kwa namna iliyomuua. Alitangazwa bingwa wa dunia wa mwaka huo akiwa marehemu, na hadi leo hakuna mwingine aliyepata ubingwa huo kwa namna hiyo. Katika magari yetu hakuna mkanda wa kati ya miguu, alisema mzee, ndiyo maana ule wa chini lazima ukae kwenye mfupa wa nyonga; ukikaa tumboni, mtu huteleza chini yake na matumbo ndiyo yanayobeba uzito wote wa ajali. Maelezo hayo sikuwahi kuyapata kwa fundi yeyote, wala siku nilipojifunza udereva.

Wakati tukizungumza aliingia mteja mwingine, mwenye gari dogo, aliyekuja kurekebishiwa kioo. Alisikiliza kidogo, akasema kwamba yeye hafungi mkanda kwa kuwa gari likishika moto atashindwa kutoka, na kwamba ni afadhali kurushwa nje. Hoja hiyo ni ya zamani. Madereva wengi wa mbio wa kizazi kilichomtangulia Stewart waliamini hivyo hivyo, na wakati ule, magari yakiwa na petroli pande zote na waokoaji hawapo, hawakuwa wakiongea upuuzi. Lakini mtu anayerushwa nje hukutana na mti, lami au gari jingine. Mzee alimjibu kwa utulivu, akamwonyesha kisu kidogo cha kukatia mkanda, chenye ndoano iliyofichwa ndani ya plastiki, ambacho humuuzia kila mteja anayetaka kwa shilingi 5,000 na kumfundisha kukifunga mahali ambapo mkono wa dereva unafika akiwa amebanwa. Chetu kimefungwa kwa utepe mweusi chini kidogo ya usukani. Kila ninapokiona naikumbuka ile spana ya BRM.

Wapo bado wanaomhesabu Stewart kuwa mwoga, nami jambo hilo huniumiza, hivyo niseme alichokifanya Nürburgring tarehe 4 Agosti 1968. Mzunguko ule wa karibu kilomita 23 unapita milimani, na siku hiyo kulikuwa na mvua na ukungu mzito kama ule unaoshuka Marangu mwezi wa Juni. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevunjika mfupa miezi michache kabla, akaendesha kikiwa kimefungwa kwa plastiki ngumu. Alimaliza wa kwanza, na aliyemfuata, Graham Hill, alifika baada ya zaidi ya dakika nne. Mtu wa namna hiyo akisema njia ni ya hatari, anajua anachokisema. Alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1969 akiwa na gari la Matra, kisha mwaka 1971 na 1973 akiwa na Tyrrell, akashinda mara 27 katika mbio 99, rekodi iliyodumu hadi Alain Prost alipoipita mwaka 1987.

Mbio za mia hakuzikimbia. Aliamua mapema mwaka 1973 kwamba angestaafu mwisho wa msimu, akawaambia watu wachache sana na kumficha hata mkewe Helen ili asihesabu mbio zilizobaki kwa hofu. Za mwisho zilikuwa Watkins Glen nchini Marekani. Siku ya mazoezi, tarehe 6 Oktoba, mwenzake mdogo katika timu ya Tyrrell, Mfaransa François Cevert, ambaye Stewart alimfunza kama mdogo wake, aligonga uzio na kufa papo hapo. Timu ikajiondoa. Mzee wa Pasua, alipofika hapo, alinyamaza na kurudi kwenye bolti zake.

Bolti hizo huzikaza kwa spana maalumu ya kupimia nguvu, si kwa kukadiria, na baada ya kila moja huweka alama ya rangi nyeupe ili aone kama imesogea utakaporudi kukaguliwa. Ukaguzi huo wa baada ya mwezi mmoja hautozwi.

Mapungufu yapo. Hawatoi risiti mpaka uombe, na yangu iliandikwa kwenye karatasi ya daftari. Hakuna mahali pa kungojea penye kivuli zaidi ya chini ya mwembe, na niliahidiwa gari saa sita nikalipata saa kumi. Vijana watatu hawatoshi kwa kazi iliyopo, na mzee alinionya kwamba kuanzia wiki ya pili ya Desemba, watu wanapoanza kupanda kutoka Dar es Salaam kuja kula sikukuu nyumbani, hapokei gari ambalo mwenyewe hajatoa taarifa, kwa sababu hataki kuharakisha. Naona ni uamuzi sahihi, ingawa utawaudhi wengi.

Mkanda wa sita, wa katikati ya kiti cha nyuma kabisa, haukupatikana katika boksi lake; uliokuwepo ulikuwa mfupi na alikataa kuuunga. Anatarajia mwingine wiki ijayo. Mpaka hapo nafasi ile tumeiwekea kikapu cha ndizi tunapokwenda Mwika, na mama yangu hukaa dirishani, mkanda ukiwa nyongani kama alivyoelekezwa.